Beetle imetoka ovahoo, mbona inazima kwenye mataa?

Mataa ya Magomeni, saa kumi na moja na nusu jioni. Foleni ya kuelekea Kimara imeganda. Katikati yake kuna Volkswagen Beetle, 1302 S ya mwaka 1972, rangi ya maziwa, imepigwa polishi mpaka unajiona uso. Dereva anatoa gia na kuachia mafuta. Injini inakaa sailensi, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta, sekunde kumi hivi, mlio unashuka, taa nyekundu ya chaji inapepesa, bodi inatikisika mara mbili.

Kimya.

Honi zinaanza nyuma. Bodaboda aliyepenya ubavuni anainama dirishani na kutoa hukumu bila kuulizwa: "Mzee, kabureta hiyo."

Injini yenyewe ina wiki tatu tangu itoke ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kufungwa upya. Pistoni na silinda mpya, metali (beringi za krenki) mpya, valvu zimesagwa, kila gasketi mpya. Skrubu ya sailensi imeshazungushwa mara nne, kila mara gari linapona siku mbili kisha linarudia mchezo wake.

Hiyo "kabureta hiyo" imenikaa kooni wiki kadhaa sasa. Mara nyingine ni kweli. Kinachokera ni kwamba inasemwa kabla ya mtu yeyote kuuliza gari limezima vipi, na limezima wakati gani. Injini iliyochoka huzima kwa uchakavu. Injini iliyofunguliwa juzi huzima kwa sababu ya mkono wa mtu: kitu kimefungwa kisichofanana na kilichotoka, au kimesahaulika mezani. Au mkono wa mtu hauna kosa, ila vipya bado havijakaa mahali pake. Hizo ni njia tofauti kabisa za kutafuta, na bisibisi kwenye kabureta haiko mwanzoni mwa hata moja.

## Itazame inavyokata roho

Dashibodi ya Beetle ina taa mbili zinazosema mengi: ya chaji na ya oili. Zote mbili hupata umeme kupitia swichi ya ufunguo. Kwa hiyo injini inapozima, kabla hujagusa ufunguo, zitazame.

Taa ya chaji ikianza kupepesa kwanza, halafu injini ikafa taratibu, mzunguko ulikuwa unashuka polepole na dainamo ikashindwa kuchaji. Hapo unatafuta petroli, hewa, au marekebisho ya sailensi.

Injini ikikatika ghafla kama mtu amezima redio, na taa zote mbili zikawaka papo hapo, swichi bado inatoa umeme. Tatizo liko kati ya koili, inayozalisha umeme wa cheche, na plagi.

Injini ikikatika na taa zisiwake kabisa, acha injini. Umeme umepotea kwenye swichi ya ufunguo au kwenye viungo vya waya nyuma ya dashibodi. Utashangaa ni kabureta ngapi zimefunguliwa kwa kosa la swichi.

Kipo na kifo cha nne, cha barabarani. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa vizuri tu, baada ya nusu saa linaanza kukohoa na kupoteza nguvu, linazima. Ukisubiri dakika kumi linawaka kama halikuwa na neno. Ikitokea hivyo, fungua mfuniko wa tangi palepale. Ukisikia hewa inaingia kwa mluzi, tangi lilikuwa halipumui, na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya utupu. Mpira wa kupumulia ulibanwa wakati wa kurudisha vitu boneti ya mbele, au mfuniko mpya hauna tundu.

## Dakika moja ya kwanza

Ushahidi wa gari lililozima unapoa haraka. Ukisubiri fundi aje, atakuta gari zima linalowaka, naye atafanya kitu pekee anachoweza: kuongeza sailensi.

Kwa hiyo, gari likizima na ukawa mahali salama, fanya mambo mawili kabla ya kulistati tena.

La kwanza, ondoa kasha la chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, kisha vuta kwa mkono wenzo wa mafuta. Unatakiwa kuona mchirizi wa petroli ukirushwa na pampu ndogo ya kuongezea mafuta. Ukirushwa vizuri, bakuli la kabureta lina petroli, na pampu kubwa ya petroli haina kesi kwa sasa. Ikitoka pumzi tupu, bakuli ni kavu.

La pili, cheche. Chomoa kwenye kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa plagi, ule waya mnene unaotoka katikati ya koili, ushike kwa koleo lenye mpira, ncha iwe milimita 6 kutoka kwenye chuma safi cha injini, mbali na kabureta uliyoifungua, kisha mwenzako apige stata. Cheche nene ya buluu yenye mlio ni nzima. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa ni mgonjwa.

Ukishajua kimoja kipo na kingine hakipo, nusu ya gari umeshaiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Vyote viwili vikiwepo, basi tatizo ni hewa, taimingi (wakati cheche inaporuka) au valvu, na hapo ndipo kazi inapokuwa tamu.

## Kondensa mpya

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawapendi kulisikia: kwenye ovahoo, kitu cha kwanza kushukiwa ni kile kipya cha bei ndogo.

Kondensa ya distribyuta ni kopo dogo linaloenea kwenye kiganja, thamani yake karibu mikrofaradi 0.2. Kazi yake ni kuzuia cheche isiruke kwenye pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, ili koili ikatike kwa ukali na kutoa moto kwenye plagi. Kondensa dhaifu hufanya kazi vizuri ikiwa ya baridi. Ikipata joto la injini dakika kumi na tano au ishirini, ndani yake panaachia, cheche inahamia kwenye pointi, plagi zinapata mabaki. Gari linazima. Linapoa. Linawaka. Unaanza kuamini mambo ya kishirikina.

Dalili yake inaonekana kwa macho: fungua kifuniko cha distribyuta gizani, mtu apige stata, tazama pointi. Kijicheche kidogo ni kawaida. Kukiwa na mwako mkubwa wa buluu unaoruka kila pointi zinapofunguka, umemkamata.

Dawa ya haraka ni kurudisha ile ya zamani. Ndiyo, ile iliyokuwa kwenye injini iliyochoka, iliyofanya kazi miaka mingi bila kulalamika. Ndiyo maana sanduku la vitu vilivyotoka kwenye ovahoo halitupwi mpaka gari litembee kilomita 1,000. Distribyuta, kondensa, rota, koili, pampu, jeti: vyote viwekwe kwenye boksi na kuandikwa. Anayeviuza chuma chakavu siku ileile ameuza vipimo vyake.

Koili nayo inaingia kundi hili. Beetle ya volti 12 hutumia koili isiyo na rezista ya nje, na ukipima kwa multimita kati ya pini 15 na pini 1 unatarajia takribani omu 3. Dukani kuna koili za omu 1.5 zilizotengenezwa kwa magari yenye rezista. Kwa macho zinafanana. Ukiifunga hiyo, umeme unapita mara mbili ya kawaida, koili inachemka mpaka huwezi kuishika, pointi zinaungua, na gari linazima likiwa la moto.

Halafu kuna pini 15 yenyewe. Waya mweusi unaoleta umeme pale haulishi koili peke yake. Kutoka hapo umeme huenda pia kwenye choki ya otomatiki na kwenye solenoidi ya kabureta. Kiungo kikilegea hapo, vitu vitatu vinakufa pamoja, na solenoidi ikikosa umeme hata kwa nusu sekunde inafunga njia ya petroli ya sailensi. Zivute zile klipu kwa vidole. Isiyo na ukaidi ibanwe kwa koleo.

## Vipya havikai vilipowekwa

Turudi kwenye ile Beetle ya Magomeni, iliyokuwa inapona siku mbili kila ikiongezwa sailensi.

Kontakti pointi zina kisigino cha plastiki ngumu kinachosugua kwenye kamu ya distribyuta. Kikiwa kipya, kinalika haraka katika kilomita mia chache za kwanza, hasa kama fundi hakupaka grisi kidogo kwenye kamu. Kisigino kikilika, pengo la pointi linapungua kutoka milimita 0.4 hadi 0.3, hadi 0.2. Pengo likipungua, pointi zinafunguka kwa kuchelewa, na taimingi nayo inachelewa. Taimingi ikichelewa, sailensi inashuka.

Fundi anaongeza skrubu, gari linapona. Kisigino kinaendelea kulika.

Unaona mtego ulipo? Kila anayeongeza skrubu anafunika kipimo kinachoendelea kuhama. Hesabu haifungi mpaka mtu afungue kifuniko, azungushe injini mpaka kisigino kikae juu kabisa ya kilima cha kamu, apitishe fila (bamba jembamba la kupimia pengo) ya 0.4, ndipo apime taimingi upya. Mpangilio huo haugeuzwi: pointi kwanza, taimingi baadaye, kwa sababu ukigusa pointi umeshaigusa taimingi. Mwenye kipimo cha pembe ya pointi asome digrii 44 hadi 50.

Valvu nazo ni hivyohivyo. Kiti kipya na uso wa valvu uliosagwa hukaliana kadiri injini inavyopata joto na kupoa. Valvu inazama kidogo, na pengo la roka, mkono unaoisukuma valvu, linaliwa. Kipimo ni milimita 0.15 kwa zote nane, injini ikiwa ya baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Kuna fundi atakayekuambia saa mbili zinatosha. Asubuhi ni asubuhi.

Pengo likifika sifuri, valvu haikai tena sawasawa kwenye kiti chake. Kwenye mwendo wa kasi huwezi kujua. Kwenye sailensi kompresheni inavuja, silinda moja inaacha kufanya kazi, tatu zilizobaki zinaburuta. Na valvu ya eksozi isiyogusa kiti haina pa kupeleka joto lake, inaungua. Kwa hiyo hili si suala la kuzima kwenye mataa tu.

Namna ya kuzipima ni hii. Zungusha puli ya krenki mpaka alama ya silinda ya 1 kuwa juu ilingane na mstari ambapo nusu mbili za bloku zinakutana, na rota iwe imeelekea mkato mdogo uliopo kwenye ukingo wa distribyuta. Hapo silinda ya 1 iko juu, valvu zake zote mbili zimefungwa. Zipime. Kisha zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, pima ya 2. Nusu tena, ya 3. Nusu tena, ya 4. Ukienda kinyume cha saa unafuata 1, 2, 3, 4 bila kukariri mpangilio wa moto, ambao ni 1-4-3-2. Silinda ya 1 iko kulia upande wa mbele ya gari, ya 2 nyuma yake. Ya 3 kushoto mbele, ya 4 nyuma yake. Mbele ni mbele ya gari, siyo mbele ya wewe uliyeinama nyuma. Kosa hilo limewapata wengi.

Fanya hivyo kwenye kilomita 500, kisha 1,000, halafu kila 5,000.

## Fimbo ya milimita 108

Kama koo la kabureta lilikuwa kavu, usikimbilie kununua pampu ya petroli. Pampu ya Beetle inasukumwa na fimbo fupi ya chuma inayopanda na kushuka kwenye kipande cheusi cha bakelaiti, ikiendeshwa na shafti inayozungusha distribyuta. Hadithi yote iko kwenye urefu wa fimbo hiyo.

Injini zenye dainamo hutumia fimbo ya milimita 108. Zenye altaneta hutumia ya milimita 100, na pampu yake imeinama pembeni ili isigongane na altaneta, wakati ile ya dainamo imesimama wima. Kwenye ovahoo, watu hubadilisha dainamo kuweka altaneta, au hununua pampu iliyopo dukani, na fimbo inabaki ileile.

Fimbo ya 100 chini ya pampu ya dainamo haiifikii ipasavyo. Fundi akijaza bakuli kwa mkono, gari linawaka, kila mtu anapiga makofi, petroli ya bakuli inaisha, gari linazima. Fimbo ya 108 chini ya pampu ya altaneta inaisukuma kupita kiasi: presha inazidi, sindano ya boya inashindwa kufunga, kabureta inafurika. Baadaye diafremu inachanika na petroli inashuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, usiwashe injini hiyo mpaka oili yote, lita 2.5, imwagwe.

Hata fimbo ikiwa sahihi, gasketi zinaweza kuiharibu. Pampu ikiwa imetolewa, gasketi zikiwa mahali pake, zungusha injini mpaka fimbo ifike juu kabisa, kisha pima inavyochomoza: milimita 13. Aliyeweka gasketi tatu ili "isivuje" ameiba milimita ambazo pampu ilizihitaji. Presha ya kawaida ni kama psi 3 hadi 4.

Ukiwa hapo, shika kile kibomba cha shaba kinachopokea petroli kwenye kabureta, ukitikise. Kimeshindiliwa tu, hakina uzi. Kikilegea hutoka chenyewe, na petroli inamwagika juu ya distribyuta. Bloku ya Beetle imetengenezwa kwa aloi ya magnesi, ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji. Ndiyo maana chujio la petroli lisining'inie juu ya injini. Liweke chini ya gari karibu na giaboksi, na kila mpira uwe na klampu.

## Hewa ya mlango wa nyuma

Hili ndilo kundi lenye mashaka zaidi, kwa sababu dalili zake zinadanganya. Injini inayovuta hewa isiyopita kwenye kabureta inaweza kukataa sailensi kabisa, au ikakaa juu kupita kiasi, au ikapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Ikiwa ya baridi inavumilia kwa sababu choki inaongeza petroli. Ikipata moto, choki inafunguka, na mchanganyiko uliobaki ni mwepesi mno kuwaka.

Kwenye injini ya 1600 yenye njia mbili kila upande, manifodi imegawanyika vipande vitatu vilivyounganishwa kwa mipira miwili. Mipira hiyo hupasuka kwa chini, usipoona. Gasketi za manifodi kwenye hedi hulala baada ya joto la kwanza, na nati zake zinabaki zimelegea ingawa zilikazwa vizuri mezani. Spana namba 13, robo mzunguko, umemaliza. Zikague kabla ya kitu kingine chochote.

Kupima kuvuja, mafundi wengi hurusha petroli kwa bomba la sindano. Usifanye hivyo juu ya injini inayowaka. Maji kwenye chupa ya kunyunyizia yanatosha: nyunyiza kiungo kimoja kimoja, subiri sekunde mbili. Mlio ukibadilika, hapo ndipo.

Kisha shika shafti ya kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua njia ya hewa, itikise juu na chini. Kabureta yenye miaka hamsini imelika pale shafti inapopita. Watu hutumia fedha nyingi kwenye bloku na hedi, kisha huifunga kabureta hiyohiyo baada ya kuisugua kwa brashi ing'ae. Kung'aa hakuzibi tundu. Mwili wa kabureta unahitaji kutobolewa na kuwekewa bushi mpya.

## Dar haizimi, Njombe inazima

Kuna kisa kinachowachanganya hata wazoefu. Gari linakaa vizuri Dar es Salaam mwezi mzima. Linapandishwa Njombe au Lushoto, au kule Limuru, na asubuhi ya kwanza yenye ukungu linazima baada ya dakika tano za mwendo. Ukifungua boneti ya nyuma unakuta manifodi imelowa umande, pengine ina weupe wa barafu chini ya kabureta.

Barafu, Afrika Mashariki. Ndiyo. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye hewa na chuma, na hewa yenye unyevu ikiwa baridi kiasi, maji yake yanaganda ndani ya koo la kabureta na kuziba njia. Gari linazima. Joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, gari linawaka. Fundi akifika hakuna ushahidi.

Watengenezaji walilijua hili. Chini ya manifodi kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto kutoka eksozi upande mmoja kwenda mwingine ili kupasha joto. Kwenye ovahoo mambo mawili hutokea: bomba hilo limejaa masizi ya miaka na hakuna aliyelizibua, au eksozi mpya imekuja na flanji isiyo na tundu. Dakika tatu baada ya kuwasha, bomba hilo linatakiwa kuwa la moto kiasi cha kutoshikika pande zote mbili. Upande mmoja moto na mwingine baridi, limeziba.

Dar ina ugonjwa wake kinyume: joto. Injini hii inapozwa na hewa peke yake, na zile bati nyeusi zinazoizunguka, pamoja na ule mpira unaoziba ukingoni, zimewekwa ili hewa ya moto iliyopita kwenye silinda na eksozi isirudi juu kuvutwa tena na feni. Kwenye ovahoo bati mbili tatu hubaki chini ya meza kwa sababu "hazina kazi". Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na vumbi letu. Muundo wake hauna tatizo na joto la huku. Bati zake zikiwa kamili, petroli haichemki kwenye pampu ukiwa kwenye foleni.

## Hili lisistatiwe tena

Hali moja tu haina kujaribu-jaribu. Injini ikizima ikiwa ya moto, na ukipiga stata ikasita kana kwamba betri imekufa, acha. Subiri ipoe, kisha izungushe kwa mkono kwa spana namba 21 kwenye nati ya puli ya dainamo. Ikiwa nyepesi baridi na nzito moto, chuma kinabanana ndani. Mchezo wa krenki mbele na nyuma unatakiwa kuwa milimita 0.07 hadi 0.13, unaopangwa kwa shimu (pete nyembamba) tatu nyuma ya flaiwili. Aliyeubana zaidi ya hapo amefunga breki ndani ya injini. Kuongeza sailensi hapa ni kulazimisha metali ziungue.

## Sasa, skrubu

Pointi zimekaa, taimingi imekaa, valvu zimekaa, hewa haivuji, petroli inafika. Sasa bodaboda wa Magomeni anaweza kuitwa.

Kabureta ya gari hili, 34 PICT-3, ina skrubu tatu, na inayozungushwa na kila mtu ndiyo isiyotakiwa: ile iliyoko juu kwenye wenzo, inayogusa ngazi za choki. Ukiikaza, kipepeo kinafunguka kupita mahali pake, matundu madogo ya sailensi yanakosa mvuto, na skrubu nyingine mbili zinakuwa mapambo. Ukizungusha ile ndogo ya mchanganyiko na mlio usibadilike hata kidogo, ama kipepeo kimefunguliwa mno, ama jeti ya sailensi imeziba kwa kutu ya tangi lililokaa tupu miezi yote injini ilipokuwa mezani.

Injini iwe ya moto, choki imefunguka yote. Skrubu ya wenzo irudishe nyuma mpaka iachie ngazi ya chini kabisa, ikaze mpaka iguse tu, ongeza robo mzunguko. Usiiguse tena. Skrubu ndogo iingize polepole mpaka ikae, bila nguvu maana ncha yake huharibika, kisha itoe mizunguko miwili na nusu. Kwa skrubu kubwa, ya hewa ya sailensi, weka mizunguko 850 kwa dakika. Rudi kwenye ndogo, ifungue taratibu mpaka injini ikimbie zaidi, halafu ifunge mpaka ishuke mizunguko 20 hadi 30. Rekebisha tena kubwa ifike 850.

Kabla ya kufunga boneti, chomoa waya wa solenoidi pembeni ya kabureta, ufunguo ukiwa umewashwa injini imezimwa, uguse tena. Lazima usikie "tik". Usiposikia, anza na ile pini 15.

Andika kilomita zilizopo kwenye kipande cha tepu, kibandike ndani ya boneti. Zikiongezeka 500, gari lilale usiku, na asubuhi yake vifuniko vya valvu vifunguliwe kabla ya chai.